Aliyemfuata Msituni

Bwana Nyange alimaliza kutaja majina ya waliofaulu, akakunja miwani yake, na jina la Mwanawema halikuwemo.

Watu waliokaa kwenye mabenchi ya banda la makuti, pale penye lango la msitu wa Ngezi, waligeuka wakamtazama. Wote walijua kuwa asubuhi ile Mwanawema ndiye aliyetokea ufukweni Vumawimbi mapema kuliko wenzake, gauni limelowa mpaka magotini, na mkononi ameshika vitambaa vyote alivyotakiwa kuvileta. Mtihani wenyewe ulikuwa huo. Kila mwanafunzi alipewa ramani na dira, akaingia msituni peke yake kuvitafuta vigingi vilivyosimikwa huko ndani, na kwenye kila kigingi akafungua kipande cha kitambaa kuonyesha kuwa amefika. Aliyefaulu angepewa kazi ya kuwaongoza wageni wanaokuja kuutazama msitu ule na popo wake.

Katika darasa zima Mwanawema alikuwa mwanamke pekee. Alitoka Wingwi kila siku kwa gari za Konde, suruali chini ya gauni, mtandio umefungwa vizuri, na maneno ya watu nyuma yake. Alikuwa ameyavumilia yote kwa ajili ya siku hii.

"Bwana Nyange," alisema huku akisimama, "jina langu sikulisikia."

"Jina lako nimeliweka kando, binti yangu." Mzee yule alikuwa mkuu wa mafunzo, na hakuonekana kuifurahia kazi aliyokuwa nayo mchana ule. "Kuna neno limenifikia. Nimeambiwa hukuwa peke yako msituni."

"Kasema nani?"

Kijana mmoja wa Konde aitwaye Jaribu alisimama, macho chini. "Nimesema miye, dada. Sikupenda kusema, lakini niliulizwa, na uongo siuwezi. Nilikuwa nimekwama kinamasini. Nikakuona wapita. Kisha nikamwona Mwalimu Msellem apita nyuma yako, ananyata kama mtu asiyetaka kuonekana."

Mwanawema alihisi uso unawaka moto. Mwalimu Msellem, kijana wa Madungu aliyekuwa akiwafundisha ramani na dira, alikuwa amepeleka posa nyumbani kwao, na posa ile ilikuwa bado haijajibiwa. Hapakuwa na mtu pale asiyelijua hilo. Kwa hiyo maneno ya Jaribu yalikuwa na visu viwili. Kimoja kilisema ameonyeshwa njia na mchumba wake. Cha pili hakikutamkwa, ila alikiona kwenye macho ya watu: mwanamke aliyekwisha kuachika, msituni, na mwanamume.

"Umeona mtu mwingine, Jaribu," alisema. "Mwalimu Msellem simjui kwa ujinga huo. Yeye ndiye aliyetwambia kuwa mtihani huu mtu huufanya peke yake na Mola wake. Hawezi kutufundisha hivyo kisha akatenda hivyo. Tangu asubuhi alikuwa hapa bandani. Mnamtia doa mtu bure, na miye mnanitia doa pamoja naye." Akamgeukia Msellem aliyekuwa ameegemea nguzo. "Mwalimu, waambie."

Msellem alimtazama. Yalikuwa macho yale yale yaliyomfanya Mwanawema, siku ya kwanza ya mafunzo, asahau swali aliloulizwa. Siku ile alikuwa amemwekea dira juu ya kiganja pasi na kukigusa kidole chake hata kimoja, akamwambia kwa upole, "Ramani haimjui mwanamume wala mwanamke. Humjua anayeisoma." Mwanawema alirudi Wingwi na maneno yale kifuani, akalala nayo, akaamka nayo.

"Waambie, Mwalimu," alirudia.

"Jaribu kasema kweli," Msellem alisema. "Nilikuwemo."

Mwanawema alibaki amesimama. Alikuwa amemtetea mbele ya watu kwa sauti yake yote, na sasa sauti ile ilimrudia kama kofi.

"Tangu wapi?" Bwana Nyange aliuliza.

"Tangu mwanzo mpaka ufukweni. Lakini sikumwonyesha kitu, mzee. Sikumsemesha. Hakujua kuwa nipo. Kila kigingi alikipata mwenyewe, na mimi ni shahidi."

"Weye ndiye mtuhumiwa, utakuwaje shahidi?" Mzee alitikisa kichwa. "Siwezi kumpitisha. Wenzake watasema, na watakuwa na haki ya kusema."

"Basi nipe mtihani mwingine," Mwanawema alisema.

"Binti yangu, umechoka..."

"Nipe mtihani mwingine, mzee. Vigingi viweke pengine. Viweke unapotaka. Kosa si langu, lakini adhabu mmenipa miye, basi na nafasi nipeni miye."

Bwana Nyange alivaa tena miwani yake. "Kesho asubuhi," alisema. "Vigingi nitavisimika mwenyewe. Ukivikosa, usinirudie tena."

*

Msellem alimfuata mpaka kwenye mkarafuu ulioko kando ya barabara, mahali ambapo watu waliweza kuwaona bila ya kuwasikia. Mwanawema hakumgeukia. Alitazama barabara ya Konde kama mtu anayengoja gari, na gari haikuwepo.

"Nisikilize japo kidogo," Msellem alisema.

"Nimekusikiliza miezi yote hii. Sema, nimezoea kukusikiliza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kinamasi kile si cha mchezo. Kuna nyoka mle. Mtu anaweza kuteleza, akavunjika mguu, asijulikane alipo mpaka..."

"Na Jaribu?"

"Jaribu kafanya nini?"

"Jaribu alikwama kinamasini. Miye sikumwona. Weye ulimwona?"

Msellem aliyageuzia macho barabarani.

"Ulimwona au hukumwona?"

"Nilimwona."

"Ukampita." Sasa Mwanawema aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu. "Mwanafunzi wako yumo topeni, umempita, unanifuata miye niliyekwisha kuvuka salama. Kama ulichoogopa ni kinamasi, ungemtoa aliyemo ndani yake. Usinidanganye mara mbili kwa siku moja, Msellem."

Hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Msellem alilisikia, na akajua kuwa neno 'Mwalimu' limekwisha kati yao.

"Kaka yako alinijia," alisema hatimaye. "Hamad. Alikuja Madungu, nyumbani, siku mbili kabla ya mtihani. Aliniambia hataki kusikia kuwa dada yake ameingia msituni peke yake, watu watasema. Akasema kama nataka posa yangu ijibiwe, nisikuondoshee macho. Na kama nikikuacha uende peke yako, nihesabu kuwa nimekataliwa."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikakubali."

Aliyasema kwa sauti ndogo sana. Upepo ulipita kwenye mkarafuu, ukaleta ile harufu ambayo siku nyingine ingemlainisha Mwanawema moyo.

"Kwa hiyo mlikaa wanaume wawili," alisema polepole. "Mkaniweka katikati. Yeye akatoa dada, weye ukatoa mtihani wangu. Mkapeana mikono. Na miye huku nakesha na ramani, najifunza kusoma vilima na mabonde, nadhani nina mwalimu."

"Nilitaka nikuoe, Mwanawema. Sikuona njia nyingine. Unamjua kaka yako."

"Namjua. Nilikuwa sikujui weye." Alikaza fundo la mtandio. "Wajua kwa nini niliachika? Ame hakunipiga. Hakuninyima chakula. Aliniachisha ualimu kwa kuwa aliona mbali kutoka nyumbani mpaka skuli, akasema ananihurumia. Nikaona huruma yake haina mwisho, kila siku ananifungia mlango mmoja, nikadai talaka yangu. Nilikusimulia hayo yote. Ukasikitika. Ukasema weye hungefanya hivyo."

"Nakumbuka."

"Afadhali ungesahau. Ningekuonea imani, nikakusamehe."

Gari ilitokea kwenye kona, ikipiga honi. Mwanawema alinyoosha mkono, ikasimama, akapanda. Msellem alibaki chini ya mkarafuu, akilitazama vumbi mpaka likatulia.

*

Nyumbani Wingwi, Bi Masika alikuwa uani akichambua kunde kwenye ungo. Alimwona binti yake akiingia, akajua bila ya kuuliza kuwa kuna jambo.

"Kaka yuko wapi?" Mwanawema aliuliza baada ya kumwamkia.

"Yuko nyuma, anafunga ng'ombe. Kuna nini?"

Hamad alitokea kabla hajajibiwa, kamba begani, mikono ina udongo wa shamba. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na tangu baba yao afariki ndiye aliyesimama kama mkubwa wa nyumba. Alipouona uso wa dada yake alijua kuwa limefichuka, akajiandaa kwa sauti ya juu.

"Usinianze," alisema. "Nimefanya ninalopaswa kufanya."

"Lipi hilo?" Bi Masika aliuliza.

Mwanawema alimweleza mama yake yote, kutoka Madungu mpaka kinamasini. Bi Masika aliuweka ungo chini. Alimtazama mwanawe wa kiume kwa utulivu uliomfanya Hamad aanze kupiga hatua huku na huku.

"Watu wanasema, mama," Hamad alisema. "Kila nikikaa barazani naulizwa. Dada yako kavaa suruali. Dada yako kenda porini na wanaume. Mnataka nikae kimya? Nimetaka awe na mtu wa kumtazama, tena mtu anayetaka kumwoa. Ubaya wangu uko wapi?"

"Ubaya wako ni kuwa nimefelishwa," Mwanawema alisema. "Na hao wa barazani sasa wana la kusema la kweli. Jana walisema nakwenda msituni na wanaume, ilikuwa uongo. Leo yupo mwanamume, alikuwa nyuma yangu, na aliyemtuma ni weye."

"Mimi ndiye walii wako."

"Walii wa kuniozesha, kaka. Si walii wa kunifelisha."

"Na posa hii," Bi Masika alisema kwa sauti yake ndogo, "ilikuja kwa nani?"

"Ilikuja nyumbani, mama."

"Nyumbani ni kwa nani? Miye sijafa, Hamad. Nimekaa hapa siku zote hizi nangoja uniambie tuijibu vipi posa ya binti yangu, kumbe mwenzangu umekwisha kuijibu, tena kwa sharti ambalo hata kunidokeza hukunidokeza. Umeona haya mbele ya watu wa barazani, mbele yangu hukuona haya?"

"Mama, samahani."

"Samahani yako ipeleke kwa aliyekosewa. Na kesho asubuhi miye n'takwenda huko msituni."

"Kufanya nini?"

"Kumkalia mwalimu," Bi Masika alisema, akauchukua tena ungo wake.

*

Kulikucha na mawingu mazito. Bwana Nyange alikuwa amekwisha kurudi kutoka kusimika vigingi, na viatu vyake vilikuwa na tope bichi. Alimpa Mwanawema ramani mpya na dira, akamwonyesha alama zilizotiwa kwa kalamu nyekundu.

"Utatokea Vumawimbi kama jana, lakini kwa njia nyingine kabisa. Mimi nitakungoja huko na gari, mwisho adhuhuri."

Bi Masika alikuwa ametandika mkeka wake bandani. Alipomwona Msellem amesimama mbali, amekonda uso kwa usiku mmoja, alimwita.

"Mwalimu, njoo ukae hapa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Hapa hapa ninapokuona."

Msellem alikaa ukingoni mwa mkeka, miguu ameikunja kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani. Mwanawema alipita mbele yao na panga kiunoni. Hakumtazama, ila alimwona. Aliziona nyusi zake, mikono yake isiyokuwa na kazi, na shati lile la buluu alilowahi kumwambia kuwa limempendeza. Moyo wake ulimwendea kidogo. Akaukemea, akaingia msituni.

Alikwenda kwa hasira. Kigingi cha kwanza alikipata upesi, akafungua kitambaa, akapanga ramani yake, akaelekeza dira, akachagua mti mnene uliosimama kwenye mstari, akauendea. Kutoka kwenye mti ule akachagua mwingine. Ndivyo walivyofundishwa, mti hadi mti, maana mtu aendaye na macho chini hujizungusha bila ya kujua. Njia nzima alikuwa anazungumza peke yake. Alimjibu Hamad maneno ambayo jana hakuyapata. Alimjibu Ame, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka. Msellem alimjibu mara nyingi zaidi kuliko wote, na kila akimaliza kumjibu alianza upya.

Kigingi cha pili kilikuwa chini ya mvule mkubwa. Alifungua kitambaa, akasoma dira, akaenda. Alikata mizizi ya kuning'inia, akainama chini ya matawi, akaruka gogo. Alipokuja kuinua macho vizuri, mbele yake palikuwa na miwale, miti ya penye maji, imesongamana, na ardhi ilikuwa inabonyea chini ya kiatu.

Alisimama. Aliitazama ramani. Mahali alipopaswa kuwepo palikuwa ni mwinuko mkavu. Hapakuwa na miwale, wala maji.

Aliitoa dira tena, akaiweka kiganjani, na sindano ikatulia upande usiokuwa wenyewe. Ndipo aliposhusha macho na kuliona panga lake kiunoni, limekaa karibu kabisa na mkono. Chuma kilikuwa kinaivuta sindano. Msellem aliwaambia hilo siku ya pili ya mafunzo, na akarudia, na akarudia: panga chini, rudi nyuma hatua, ndipo usome. Hakuwahi kulikosea hata siku moja. Leo, kwa kujibizana na watu wasiokuwepo, alikuwa amelikosea.

Mvua ilianza kugonga majani ya juu. Mwanawema alisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alijua kwa hakika kuwa nyuma yake hamna mtu. Jana alitembea akidhani yuko peke yake, na ule ushujaa wake ulimfurahisha sana. Leo ndiyo alikuwa peke yake kweli. Aligeuka, akatazama nyuma. Majani yalitikisika kwa mvua tu. Na katika kugeuka huko alijikamata anatamani shati la buluu litokeze kati ya miti, asikie mtu anaita, "Mwanawema, ni huku."

Akajikasirikia kuliko alivyomkasirikia mtu yeyote tangu jana.

Alilifungua panga, akalichoma ardhini, akarudi nyuma, akaisoma dira upya. Kisha hakwenda mbele. Alirudi alikotoka, akiyafuata matawi aliyoyakata mwenyewe, hadi kwenye ule mvule mkubwa, mahali alipokuwa na hakika napo. Alikaa juu ya mzizi. Alilia kidogo, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Akaiweka ramani juu ya goti, akaigeuza mpaka kaskazini yake ikalingana na kaskazini ya dira, na safari hii hakumjibu mtu yeyote. Alitafuta mti, akauendea.

*

Bandani mvua ilikuwa inapiga makuti. Hamad alikuwa amefika na baiskeli, amesimama pembeni kama mgeni kwenye msiba. Msellem aliutazama mwanya uliommeza Mwanawema, akasimama.

"Kaa," Bi Masika alisema.

"Amechelewa, mama. Jana muda huu alikuwa ameshafika."

"Nimeona."

"Mvua hii itajaza kinamasi. Niacheni nikatazame mpaka kigingi cha kwanza tu. Sitamkaribia."

"Kijana," Bi Masika alisema bila ya kupandisha sauti, "miye ndiye niliyemzaa. Kama ni kuogopa, naogopa kukushinda." Tasbihi ilikuwa inapita upesi kati ya vidole vyake. "Ukitoka kwenye mkeka huu, Wingwi usikanyage tena."

Msellem alikaa. Aliuinamisha uso kwenye magoti, na mabega yake yalionyesha kwamba kukaa kule kulikuwa kazi ngumu kuliko kutembea msitu mzima. Baada ya muda alisema, uso bado umeinama, "Mama, nilimkosea."

"Nami nalijua hilo. Mwambie yeye."

Mvua ilipungua, ikakatika. Adhana ya adhuhuri ilisikika kwa mbali kutoka upande wa kijijini, na ilipokwisha wakasikia gari. Bi Masika ndiye aliyesimama kwanza. Gari ya Bwana Nyange ilikuja inayumba kwenye madimbwi, kioo cha mbele kimejaa tope, na mpaka ilipogeuka hawakuweza kuona aliyemo.

Mwanawema aliteremka upande wa pili. Alikuwa amelowa kutoka kichwani hadi miguuni, gauni limechanika pindo, shavuni ana mkwaruzo. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamwekea mkononi vile vitambaa, vyote, vimeloa kama yeye. Bi Masika alimfunika kwa kanga yake.

"Amefika kwa kuchelewa kidogo, lakini adhuhuri ilikuwa bado," Bwana Nyange aliwaambia waliokuwepo, Jaribu akiwa miongoni mwao. "Nimeviona vitambaa na nimeuona ufukwe alipotokea. Hakukuwa na unyayo mwingine. Amefaulu, na mwenye neno aniletee mimi." Akamgeukia Msellem. "Weye, mwalimu, darasa lijalo nitamtafuta mwingine wa kulifundisha."

"Ni haki yako, mzee," Msellem alisema.

Hamad alijisogeza katikati, ameipata nafasi aliyokuwa akiitafuta. "Basi Alhamdulillahi, yamekwisha. Kila mtu kakosea, kila mtu kajifunza. Mwalimu, mbele ya mama na mbele ya mzee Nyange, posa yako nimeikubali. Mke ni wako."

"Mke yupi?" Mwanawema aliuliza.

"Dada, usianze tena."

"Nauliza, kaka. Mke wake yupi? Kwa maana miye simo." Alikuwa anatetemeka kwa baridi, lakini maneno yalitoka yamenyooka. "Miye si mwari wa kuulizwa, nikanyamaza, mkasema kimya changu ni ndiyo. Nimekwisha olewa na nimekwisha achika. Sheria yenyewe inataka idhini yangu itoke kwenye ulimi wangu, na mwalimu wa chuo atakwambia hivyo hivyo. Umekubali weye. Miye nani kaniuliza?"

Hamad alimtazama mama yake kutafuta msaada, akakuta Bi Masika anakunja mkeka.

Msellem alipiga hatua mbele, akasimama pale ambapo wote wangemsikia. "Kaka Hamad, nashukuru, lakini jibu hilo silichukui. Kule Madungu nilichukua lisilokuwa lako kutoa." Kisha akamwambia Mwanawema, "Mimi ndiye niliyekufundisha, na nilijua kuwa unaweza. Nilijua kuliko mtu yeyote hapa. Hata hivyo nilikufuata, kwa kuwa nilitaka kumridhisha kaka yako kuliko nilivyotaka kuwa mkweli kwako. Sina la kujitetea. Nakuomba radhi. Na nakuuliza wewe mwenyewe, si mtu mwingine: utanikubali?"

Mwanawema alimtazama kwa mara ya kwanza tangu jana. Aliyaona macho yale. Yalikuwa mekundu, na yalimngoja. Mwili wake wote ulitaka kusema ndiyo, ukalale na hilo neno upumzike.

"Radhi nimekupa," alisema. "Jibu sina."

"Lini utakuwa nalo?"

"Sijui. Usinifuate kulitafuta."

Msellem aliitikia kwa kichwa. Aliwaaga wazee mmoja mmoja, akampa Jaribu mkono na kumwambia neno lililomfanya kijana yule atabasamu kwa aibu, kisha akaondoka kwa miguu kuelekea Konde. Hakugeuka nyuma, ingawa mgongo wake ulionyesha kuwa alitaka.

Hamad naye alichukua baiskeli yake. Alipompita dada yake alisita, akamwambia, "Umeloa. Usikae na baridi hiyo," na kwa Hamad hilo lilikuwa ni neno kubwa. Mwanawema alilisikia.

Mama na binti walikaa kando ya barabara kungojea gari, wamejifunika kanga moja. Jua lilikuwa limetoka na barabara inafuka mvuke. Kwa muda mrefu Bi Masika alimtoa majani mtandioni, moja moja, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

"Unampenda?" aliuliza.

"Nampenda, mama."

"Sasa mbona umemrudisha mikono mitupu?"

"Kwa sababu nimekasirika. Nikimkubali leo, nitamkubali na hasira zangu, nizifiche chini ya kitanda cha harusi. Zikiisha, nitampelekea jibu mwenyewe, mpaka Madungu."

Bi Masika alitoa jani jingine. "Na asipongoja?"

Mwanawema aliitazama barabara aliyopita Msellem.

"Ame nilimjua baada ya ndoa," alisema. "Huyu acha nimjue kabla."